Kovu la Nyoka wa Shaba

Iftinia alipomkimbia mumewe, Gavrila, hakuna mtu kijijini aliyemuuliza kovu la juu ya jicho lake la kushoto lilitoka wapi. Tulijua wote. Ilikuwa hatamu ya farasi mkononi mwa Gavrila. Lakini kwetu huku milimani kosa ni mke kuondoka. Kumpasua uso ni mambo ya ndani ya nyumba. Nikikumbuka, damu bado inanichemka.

Kiangazi hicho Toader, mdogo wake Gavrila, alikuwa akichora upya kuta za kanisa letu la mbao. Nyuma, tunakosimama wanawake, alichora Edeni. Nyoka wa Edeni kwetu ana uso wa mwanamke tangu enzi za mababu, hilo si geni. Geni lilikuwa kovu juu ya jicho la kushoto. Jumapili ile watu waliinua macho, kisha wakamgeukia Iftinia. Kule mbele kwa wanaume nikamsikia Gavrila akicheka.

Alichotaka Gavrila kwa picha ile ni Iftinia aone haya, atoke, asikanyage tena kanisani. Iftinia akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda kusimama chini ya nyoka huyohuyo, akaimba mpaka ibada ikaisha.

Nje Iftinia alimfuata Toader.

"Shemeji, hongera. Umenipatia."

"Nyoka ni nyoka tu, dada. Usijishuku."

"Sijishuku, nimejiona. Kule kwa wanaume umebakiza nini?"

"Nyoka wa shaba. Yule ambaye Musa alimtundika mtini, aliyeumwa na nyoka akimtazama anapona."

"Basi na huyo mpe sura yangu. Kovu usilisahau."

"We mwanamke, huyo ni mfano wa Bwana wetu msalabani. Unataka nilaaniwe?"

"Kumbe nyoka akidanganya ni mimi, akiponya si mimi?"

Iftinia akanigeukia. "Varvara, leo zamu ya kumpikia mchoraji ni ya nani?"

"Yangu," nikasema. "Ila ugali wangu umeungua."

"Na wa kesho utaungua," akasema mke wa padri, wala hakutabasamu.

Uliungua nyumba hadi nyumba. Toader alishindia matufaha mabichi, tumbo likamsokota, mwishowe akapanda ngazi akachora alichoambiwa.

Miaka ikapita, Gavrila akashikwa na kifua, akabaki mifupa. Wagonjwa wetu huombewa chini ya nyoka wa shaba, kwa hiyo Toader alimleta akimshika kwapani.

"Tazama juu, kaka. Ndivyo ilivyoandikwa."

Gavrila aliangalia sakafu.

"Tazama, Gavrila," Iftinia akasema kutoka upande wetu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Si ulitaka watu wanione?"

Padri akamngoja. Gavrila akainua macho polepole mpaka kwenye lile kovu, na mkono wake wa kulia akauficha nyuma ya mgongo.