Nijitambulishe kwa Ufupi

Kama kuna sentensi inayonipandisha hasira hadi leo, ni hii: "Tafadhali jitambulishe kwa ufupi." Nilisomea mawasiliano Maseno, nikala githeri ya hosteli mpaka nikaichukia, na nilipomaliza nikagundua kwamba kazi niliyosomea ni kujitambulisha. Nimejitambulisha mjini Kisumu kwenye ofisi zenye feni na zisizo na feni. Nimejitambulisha Awasi, kwa mwenye duka la mabati aliyetaka mtu wa kumwandikia matangazo ya mtandaoni bila kumlipa. Nimejitambulisha kwenye simu huku nikianua nguo, mvua inaniharakisha. Kila mahali wanataka ufupi. Mtu umeishi miaka yote hiyo, kisha unaambiwa ujikunje uingie kwenye dakika moja.

Kaka yangu, niliyekuwa nikiishi naye mtaa wa Kaloleni hapo Kisumu, ndiye aliyenisaidia kuandika wasifu. Yeye alikuwa na kazi, kwa hivyo alijiona mtaalamu wa kazi zote. Alifuta kila kitu kilichonuka samaki.

"Hapa umeandika ulikuwa unasaidia mama kuuza omena," aliniambia. "Toa hiyo. Andika huduma kwa wateja."

Nikaandika huduma kwa wateja. Mwisho kabisa akaweka watu watatu wa kuulizwa habari zangu: mhadhiri wangu, mchungaji wetu, na bosi wake yeye, ambaye sijawahi kumtia machoni. Mama alikuwa amekuja kutuona siku hiyo, amekaa kwenye kochi na chai yake, anatusikiliza.

"Na mimi siko hapo?" aliuliza.

"Mama, hapo wanataka watu wakubwa wakubwa," kaka akasema.

"Haya. Mimi nimemzaa tu."

Alisema akicheka, lakini chai hakuimaliza.

Kisha shirika moja likatangaza kazi. Walitaka ofisa wa mawasiliano wa kuendesha kampeni ya kuwashawishi wavuvi wavae majaketi ya kuokoa maisha. Nilisoma tangazo lile nikiwa nimesimama, na nikajua ile kazi ni yangu. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Baba yangu alikuwa mvuvi. Kila alipotoka, mama alimsindikiza hadi majini na kumwambia maneno mawili tu: "Duog dala." Rudi nyumbani. Na baba alirudi kila mara, isipokuwa mara moja. Siku hiyo jaketi lake lilikuwa limetundikwa ukutani kwetu, jipya kabisa, kwa sababu wenzake wangemcheka kwamba anaogopa maji. Tangu hapo mama hakuyatamka tena maneno yale, hata kwetu sisi watoto tukienda safari.

Waliniita. Mkurugenzi alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, mwenye miwani aliyoivua na kuivaa kila aliposema. Akaniambia nijitambulishe kwa ufupi. Nikaanza kwamba mimi ni mtoto wa mvuvi, na kwamba baba yangu…

"Hiyo ni sawa," akanikatiza, "lakini kikazi, wewe ni nani?"

Nikayameza ya baba. Nikakariri ya kaka: mbunifu, mchapakazi, mwenye bidii, anayefanya kazi bila kusukumwa. Hata mimi nilijichosha. Mwishowe wakanipa kazi ya kwenda kufanya nyumbani: niandike mpango mzima wa kampeni, niulete kabla ya wiki kuisha.

Nilienda moja kwa moja kwa mama kule bichi, kama tunavyoita ufuo ambapo boti hutua. Nilimkuta akianika omena kwenye nyavu. Nikamweleza kwamba bango la ofisi mvuvi halisomi, na mtu wa ofisi akihutubu mvuvi anasinzia. Anayesikilizwa pale ni mwanamke anayemngoja na karai, kwa sababu ndiye anayenunua. Nilitaka wanawake ndio waseme. Na nilitaka waseme yale maneno mawili ya mama mwenyewe.

Mama aliendelea kutandaza omena. Nilifikiri hakunisikia, kisha nikafikiri atakataa, na nikaanza kutafuta namna ya kuomba msamaha.

"Yatakupa kazi?" akauliza.

"Yatanipa, mama."

"Basi chukua."

Niliandika kama mtu aliyekopeshwa kitu cha thamani. Nikapeleka. Baada ya muda nikapata ujumbe kwenye simu: wamempata mwenye uzoefu zaidi, wananitakia kila la heri. Mama aliponiuliza, nilimwambia bado hawajajibu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba maneno yake yalikataliwa.

Miezi ilipita. Chifu akatangaza kwamba kuna wageni wanakuja bichi kugawa majaketi. Asubuhi hiyo nilikuwa pale nikimsaidia mama, na tuliona hema likisimamishwa, viti vya plastiki vikipangwa, spika zikijaribiwa. Vijana wawili wakafunga bango kubwa kati ya miti miwili. DUOG DALA, liliandikwa. Chini yake, picha ya wanawake wenye makarai, na sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu: Samaki tutanunua, lakini wewe kwanza urudi.

Mama alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akanishika mkono, uso wake wote umechanua.

"Kumbe ulipata! Na hukuniambia!"

Kuibiwa kwangu ningekuvumilia. Nimezoea kuonewa na watu wenye miwani. Lakini furaha ile ya mama, ya bure, mbele ya wenzake wa omena, sikuweza kuivumilia.

"Sikupata, mama."

Aliliangalia bango, akaniangalia mimi. "Sasa hayo maneno yamefikaje hapo?"

Hotuba zikaanza, na zikawa ndefu. Wenyewe hawakuambiwa waseme kwa ufupi. Mkurugenzi akasema wazo la kampeni lilitokana na utafiti wa ofisi yake. Kisha mshereheshaji akasema wananchi waulize maswali.

Sasa, kwetu hakuna anayeshika maikrofoni mkutanoni bila kujitambulisha, na hakuna anayethubutu kukukatiza ukijitambulisha. Watu lazima wajue ni mtoto wa nani anayeongea. Hata anayeuliza choo kiko wapi anaanzia kwa babu yake. Nilinyoosha mkono. Mama akanivuta nguo.

"Nyara, kaa chini," alininong'oneza. Mwanangu, kaa. "Utaharibu hata kazi ingine."

Nikasimama.

"Dada, jitambulishe kwanza ndio tukujue," mshereheshaji akasema.

"Nawasalimu," nikasema. "Mimi ni mtoto wa yule mama wa leso ya bluu, mnayenunua omena kwake. Baba yangu mnamjua, na mnajua alikobaki. Mimi nimesoma mawasiliano na sina kazi. Niliomba kazi kwa hawa wageni wetu. Wakaniambia niandike mpango, nikaandika, wakaniambia hapana. Hayo maneno hapo juu, mama yangu alikuwa anamwambia baba yangu akienda majini. Mama alinipa ili nipate kazi. Swali langu ni fupi. Nyinyi, nani aliwapa?"

Mwanamke mmoja nyuma, jirani ya mama kwenye nyavu, akapaza sauti: "Jibuni mtoto!" Wengine wakadakia. Jibuni! Jibuni! Mkurugenzi akachukua maikrofoni, akaongea kuhusu ushirikiano na mawazo ya jamii, akavua miwani, akaivaa. Hakuna aliyempigia makofi.

Mkutano ulipoisha alinifuata hadi kwenye nyavu zetu. Nilihitaji kazi, sitadanganya. Nilikuwa bado nalala kwenye kochi la kaka.

"Ungekuja tu ofisini tuongee," alisema kwa ile sauti ya upole. "Kuna nafasi inaweza kupatikana. Nitumie CV yako tena."

"CV yangu mnayo, madam," nikamwambia. "Mmeifunga kwenye ile miti miwili."

Akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha. Hapo mama akaja, akapangusa mikono kwenye leso yake, akasimama kati yangu na yeye.

"Madam," alisema, "kwa ile karatasi yake, hapo mwisho, mnaandikanga watu wa kuuliza habari ya mtoto. Hao wengine waache. Ukitaka kujua huyu ni nani, uliza mimi. Niko hapa kila siku, ila Jumapili."