Programu ya Bure

Mungu anisamehe, juzi nilicheka mahali pasipofaa. Ilikuwa hapa Malindi, katika duka linalouza kompyuta. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa kule Shella alikuwa akiigusa mashine kwa ncha ya kidole, kama anayejaribu pasi.

“Programu ya hesabu imo ndani, mzee wangu,” muuzaji alimwambia. “Hiyo nakupa nyongeza, bure.”

“Bure? Mwanangu, nami ni muuzaji. Uzi ninaompa mteja nyongeza, nimeshautia katika bei ya kitambaa.”

Hapo ndipo nilipocheka, na muuzaji akacheka. Mzee hakucheka.

“Hesabu za duka alikuwa akinifanyia marehemu mke wangu,” akasema. “Nikijisifu kwa watu kwamba simlipi kitu.” Kisha akaifuta mashine vumbi kwa kiganja. “Haya, nifungie. Nani mwengine atanifanyia?”

Kompyuta mimi sizijui. Ila cha bure mara nyingi kuna aliyekilipia, nasi humjua akishaondoka.

Msomaji, ukipita Shella ukamwona peke yake mbele ya mashine ile, tafadhali ingia umwamkie, ukae naye kidogo.