Nilimwambia Mashine Imekataa

Kosa ni langu, jamani, na sitatafuta mtu wa kugawana naye. Mume wangu hajui. Padri hajui. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia, na mkinitukana nitapokea.

Nafanya kazi hapa Bukavu, kwenye shirika linalofuatilia watoto waliopokelewa na familia baada ya kukimbia vita. Kila mmoja wetu ana familia zake za kutembelea. Nyingine ziko hapa mjini, Cimpunda na kwingineko, nyingine Kamanyola, nyingine mbali kabisa, Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu. Zamani shefu, mkubwa wetu wa kazi, ndiye aliyegawa safari, na kila akigawa vita vilizuka ofisini. Huyu anaonewa, yule ni wa kabila lake, yule ni shemeji yake!

Ndipo ikaletwa programu ya kompyuta. Unaiwekea majina yetu, tunapoishi, familia tulizo nazo, umbali wa njia, nani anaweza kupanda pikipiki na nani hawezi. Inapima yenyewe na kugawa kazi ili mtu asielemewe. Mimi nilipewa kuiendesha. Kelele ziliisha! Watu wakazoea kusema, "Mashine haiko na ndugu," na aliyepangiwa Kamituga alifunga mzigo wake kimya.

Waliiamini sana, na mimi nilijua hivyo.

Rafiki yangu wa ofisini nitamwita Nsimire. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Mama mkwe wake hakuwa akisema neno, alimtazama tumbo tu, na heri angesema. Siku moja Nsimire alinivuta nyuma ya ofisi, analia huku anacheka.

"Dada, niko na mimba! Usiambie mutu, tafazali, hata shefu. Kontra yangu ya kazi iko karibu kuisha, akijua hataniongezea."

"Mungu ni mukubwa! Sasa mimi nikusaidie nini?"

"Uandike tu mu mashine kama siwezi kupanda pikipiki. Usiweke sababu. Dokta amenikataza."

Nilimkumbatia. Nikamwambia hicho ni kitu kidogo, na kweli kilikuwa kidogo. Ilikuwa alama moja tu kwenye kisanduku kimoja!

Alhamisi nilikaa mbele ya kompyuta, nikaiweka ile alama. Programu ikapanga upya. Familia za Kamituga zikahama kutoka kwa Nsimire, zikaja kwangu. Jina langu mimi!

Safari ilikuwa ianze Jumatatu, na Jumamosi ya wiki hiyo ya safari mdogo wangu alikuwa anaolewa. Barabara ile mvua ikinyesha, kwenda unapanga, kurudi hupangi. Vitenge vya familia vilikuwa vimeshashonwa. Mimi ndiye niliyekuwa niingie na bibi harusi.

Ningeweza kumwambia shefu nina harusi. Ningeweza kuomba safari isogezwe mbele kidogo. Sikufanya hata moja. Niliiondoa alama, Kamituga ikarudi kwa Nsimire, nikawatumia wote orodha kwenye simu.

Alikuja mezani kwangu na simu mkononi, uso umembadilika.

"Dada, si tulipatana?"

"Nilijaribu," nilisema, namtazama machoni bila haya. "Mashine imekatala."

Alirudisha simu mfukoni. "Basi tutafanya je? Mashine haiko na ndugu." Halafu akanishukuru kwa kujaribu. Alinishukuru, jamani!

Gari la ofisi lilimfikisha mpaka pale malori yalipokuwa yamezama kwenye matope. Kutoka hapo ilikuwa pikipiki, kwenda na kurudi. Jumamosi sisi tulicheza. Nilicheza mpaka nikavua viatu! Simu yake niliiona inaita kwenye pochi yangu, nikajiambia nitampigia kesho.

Kesho yake alikuwa hospitalini. Mimba ilikuwa imetoka njiani, damu ikakataa kusimama, na madaktari walimpasua ili kumwokoa yeye. Hatazaa tena. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni barabara. Mimi naapa.

Nilipofika wodini, mama mkwe alikuwa anawaambia wageni, "Wenye akili wanaficha mimba mu nyumba. Huyu anaipeleka Kamituga!" Nsimire aliniona mlangoni, akaninyooshea mkono.

"Mumuache dada yangu apite," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye alinipigania na ile mashine."

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua! Kilichotoka ni, "Pole, dada."

Sasa mume wake ameleta mwanamke mwingine nyumbani. Nsimire amerudi kwa mama yake, Cimpunda. Ile kontra aliyoificha mimba kwa ajili yake haikuongezwa. Na mimi? Shefu alinisifu mbele ya wageni, eti tangu niishike programu ofisi ina amani! Bado naiendesha. Kila nikifika kwenye kile kisanduku, nakisoma mara mbili kabla ya kutuma.

Mdogo wangu, yule wa harusi, amejifungua. Nsimire alikuja kumpongeza. Alitoa kwenye mfuko kofia ndogo ya sufu, ya njano, yenye kamba za kufunga chini ya kidevu.

"Hii nilikuwa naifumia wangu, kwa siri," alimwambia mdogo wangu. "Itakaa bure kwa nini? Mutoto wako ni wa kwetu."

Akamvika mtoto, akamfunga kamba polepole, akambusu kichwani. Ilimtosha vizuri. Mimi nilitoka nje, nikajifanya nachota maji, nikalia mpaka ndoo ikafurika. Tangu siku hiyo mdogo wangu ananung'unika kwamba simpendi mwanawe, maana akiwa na kofia ile simbebi. Nitamwambia nini?

Nyinyi mnaowagawia wenzenu kazi na safari kwa hizi programu, nawasihi kwa machozi! Mashine haina ndugu, ni kweli. Lakini anayeibonyeza ana harusi yake, ana uvivu wake, ana woga wake. Mtu akikupa siri yake umlinde, mlinde hata kama ni wewe utakayeingia kwenye matope. Usijifiche nyuma ya kompyuta, kwa sababu utafanikiwa! Ukishasema "imekataa" hakuna atakayekuuliza tena. Mimi mpaka leo hakuna aliyeniuliza, na ningetamani hata mmoja aulize.

Nsimire, jina hili si lako, lakini kofia utaitambua. Mashine haikukataa, dada yangu. Nilikataa mimi.