Moshi Uliotoka Kwenye Kasha Langu

Nimeandika jambo hili na kulifuta mara nyingi, kwa sababu kila nikilisoma najiona mjinga kuliko nilivyokuwa siku yenyewe, lakini kwa kuwa Kibiti nzima, mpaka kina mama wauza samaki wa pale stendi, wanalisimulia kwa namna yao (na wengine wameongeza kuwa nilizimia, jambo ambalo si kweli, nilikaa chini tu), basi ni heri aibu yangu niiseme mwenyewe, kwa kipimo chake, bila kuiongeza wala kuipunguza.

Kazi yangu ni kuhariri mikanda ya harusi. Nina kibanda, meza, laptopu, na bango lililoandikwa kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi fupi ya kompyuta ambayo sikuimaliza, kwa hiyo mengi nimejifunza kwa kutazama video za watu na kuharibu vitu vyangu. Natanguliza hayo ili msije mkadhani nilikuwa mtaalamu aliyeteleza. Nilikuwa mtu wa kubahatisha aliyebahatika mara kadhaa mfululizo, akaanza kujisahau.

Sasa, Mtawanya kuna binti anaitwa Rehema. Mimi na Rehema tulikuwa tumekubaliana, ila kukubaliana kwenyewe kulikuwa kwenye simu, na kwa upande wangu aliyejua ni Mjomba Salumu peke yake, ambaye ndiye angepeleka posa. Mjomba alikuwa tayari, kanzu imeshapigwa pasi. Kikwazo kilikuwa baba yake Rehema, Mzee Kassimu, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache, ambaye siku moja alinikuta kibandani nahangaika na mkanda, akasimama mlangoni akatazama weee, kisha akauliza, "Kijana, hiyo ya kubonyezabonyeza ndiyo kazi, au unasubiri kazi?" Nimtendee haki, hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Lakini swali sikulisahau. Mjomba akasema posa isubiri kwanza, mzee aione kazi yangu kwa macho yake, maana yule akishakataa harudi nyuma.

Bahati ikaja yenyewe. Dada yake Rehema, Zuhura, akaolewa Ndundu, ng'ambo ya mto, na mkanda wa harusi nikapewa mimi. Kwao fungate likiisha wakwe huja nyumbani kwa kina bi harusi wakala chakula, na siku hizi wakishakula mkanda unatazamwa na pande zote mbili pamoja. Nikajua mtihani wangu ndio huo. Tena kulikuwa na Bibi Somoe, mama yake Mzee Kassimu, ambaye miguu imemgomea kitambo, hivyo harusini hakwenda, na kila aliyepita kwake alimwambia, "Mie namngoja mwanangu wa mkanda aniletee harusi yangu."

Hapo ndipo kasha linapoingia. Laptopu yangu ni nyembamba, picha kubwa kubwa za kamera za kisasa zinaishinda, mkanda unakwama kama mtu mwenye kwikwi. Nikanunua Kariakoo kadi ya grafiksi iliyotumika, ile kubwa ya kompyuta za mezani, ndefu kama kigae. Kadi kama ile haiingii kwenye laptopu hata ukiisukuma kwa dua, kwa hiyo unaifunga ndani ya kasha la pembeni lenye pawa saplai yake ya kugawa umeme na feni yake, halafu unatoka waya mmoja mfupi unaoingia kwenye laptopu, kwenye lile tundu dogo lenye alama ya radi. Nilifunga mwenyewe. Kadi ilipokaa kwenye mfereji wake ilisema "ka!", nikakaza skrubu, nikasema alhamdulillahi.

Ikabaki kuipa moto wake, maana kadi ile haitosheki na umeme wa mfereji, inataka waya wake wa pembeni. Ndani ya kasha kulikuwa na mafungu mawili ya nyaya, vichwa vyake vinafanana kama mapacha, vyote vya pini nane, ila kimoja kinagawanyika nne kwa nne, na hicho si chake, kingine kinagawanyika sita na mbili, na hicho ndicho. Aliyeniuzia alinitazama usoni (nadhani aliniona nilivyo) akasema, "Kaka, ukikosea hapo, moshi. Na ukiuona moshi, hata mdogo, usiulize mtu. Chomoa."

Nikachomeka cha sita na mbili. Kikaingia, taa zikawaka, mkanda ukatiririka kama maji. Mtu mwingine angelala usingizi. Mimi nikaanza kujiuliza, je, hiki ndicho kweli, au ni kile kingine na kadi inaungua polepole kwa ndani bila kusema? Nikafungua kasha nikatazama. Sita na mbili. Nikafunga. Kesho yake nikafungua tena, kama vile pini zingehama usiku.

Siku ya shughuli Rehema akaniandikia asubuhi, "Njoo na flashi tu, tivii ya baba inasoma." Na hapa ndipo nilipoteleza. Flashi ningeichomeka, picha ingeonekana, watu wangefurahi, kwisha. Lakini flashi ni kitu cha kutia mfukoni, Mzee Kassimu angeona kazi gani hapo? Nikataka aone kasha, aone taa, asikie feni ikivuma, ajue kuwa kubonyezabonyeza kuna mitambo yake. Nikaazima projekta, nikapakia kila kitu kwenye bajaji, kwenye flashi sikunakili chochote.

Ukumbini kwa Mzee Kassimu wametandika mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, madirisha yamezibwa kwa kanga ili picha ionekane, na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Nyumba nzima inanukia udi tangu asubuhi, pua zetu zimeshauzoea mpaka hatuusikii tena. Bibi Somoe amewekwa mbele kabisa kwenye kiti chake cha plastiki. Nikapanga kasha mezani, nyuma yake pako wazi kuelekea kwenye mlango wa uani, nikawasha, taa zikacheza, watoto wakasema "aaah!" Mzee Kassimu akasogea. Akaliinamia kasha akauliza, "Hili linafanya nini?"

"Linaisaidia laptopu kubeba picha nzito, mzee."

"Kama kuli?"

"Kama kuli, mzee."

Akatikisa kichwa juu chini, akaenda kukaa. Wallahi, nilijiona nimeshaoa.

Mkanda ukaanza. Watu wakacheka walipojiona, wakasutana kwa nguo walizovaa, mkwe mmoja akapiga kelele, "Nirudishe nyuma, sijajiona vizuri!" Tukafika pale Zuhura anatolewa ndani, kina mama wameanza kujiandaa kwa vigelegele, na mimi nimeegemea ukuta kama fundi mkuu. Ndipo nikaona, kwenye ule mwali wa taa ya projekta, moshi. Unatoka kwenye matundu ya mbele ya kasha langu, mweupe, unajikunja, na ndani ya ile taa ulionekana mkubwa kama wa tanuri la mkaa.

Sikuuliza mtu.

Nilichotakiwa kufanya ni kuchomoa waya wa umeme. Nilichofanya (naona aibu hata kuandika) ni kupiga ukelele, "Moto! Rehema, toka nje! Rehema!" na kuuchomoa waya mfupi, ule wa laptopu. Picha ikaganda ukutani, mama mkwe wa Zuhura amefungua mdomo na tonge la pilau linaning'inia, halafu laptopu ikazima na ukumbi ukawa giza. Sasa ndani ya giza mtu amesema moto. Wakwe wa Ndundu walitoka wote kwa mlango mmoja. Kaka yake Rehema, Twalibu, alijikwaa kwenye waya wa umeme ukachomoka ukutani, na hilo namshukuru mpaka leo, kwa kuwa mimi wakati huo nilikuwa nimelibeba karai la maji ya kunawia mikono na kulimimina lote juu ya kasha. Nusu iliingia. Nusu ilimpata mjomba wa bwana harusi, aliyekuwa anatafuta kobazi zake kwa kupapasa.

Mtu akavuta kanga dirishani, mwanga ukaingia. Ukumbini tumebaki wachache. Maji yanachuruzika mezani. Na moshi bado unapanda, umetulia, hauna haraka na mtu.

Bibi Somoe, kwenye kiti chake, hakuwa amesogea hata inchi, maana nani alimsogeza? Akainua pua, akavuta pumzi taratibu.

"Mbona moto wenyewe unanukia?" akasema.

Mama mdogo wake Rehema, Hadija, akaja mbio kutoka uani, akapita nyuma ya meza, akainama, akainuka na chetezo mkononi, makaa mekundu na udi wake juu. "Moto wenu ndio huu?" Alikuwa amekiweka juu ya kigoda nyuma kabisa ya kasha langu, mkanda ulipokolea. Nikamuuliza kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwa nini pale. Akasema, "Niliona lina feni, nikasema litanisaidia kuusambaza kwa wageni." Na nimtendee haki: feni ilikuwa inavuta nyuma na kupuliza mbele, udi uliwafika wageni sawasawa, alivyokusudia ndivyo ilivyokuwa. Aliyekosea si yeye. Wala waya haukuwa na kosa. Sita na mbili, tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Lakini Bibi Somoe alikuwa hajamaliza.

"Ngojeni kwanza," akasema, "huyu alimwita nani?"

Wakwe wameanza kuchungulia mlangoni. Rehema alikuwa amejifunika ushungi uso mzima, umebaki unatikisika, sikujua analia au anacheka.

"Nyumba imejaa watu," Bibi akaendelea, "wageni wa heshima wamevuka mto, mimi hapa kikongwe nisiye na miguu, yeye anamwita Rehema. Haya, mke mwenzangu kaokolewa! Mie niungue!"

Wakacheka mpaka waliokuwa barabarani wakaingia kuuliza. Mjomba wa bwana harusi, kanzu imemganda mwilini, alicheka kuliko wote, Mungu ambariki. Mzee Kassimu peke yake hakucheka. Alinitazama, akamtazama Rehema, akalitazama kasha linavyotiririka maji, akasema, "Kumbe ni kazi kweli. Kazi ya zimamoto." Akatoka kwenda kuwaomba radhi wakwe, ambao waliondoka bila kuiona harusi yao.

Jina likaniganda. Nilipofika Kibiti lilikuwa limeshatangulia. "Zimamoto, hodi! Jiko langu linafuka, njoo na karai!" Pawa saplai ilikufa. Kadi niliianika juani kwenye ungo kama dagaa, na ajabu ni kwamba ilipona. Mkanda niliupeleka kwenye flashi, nikaukabidhi mlangoni bila kuingia, na nikasikia Bibi Somoe aliutazama mpaka akalala.

Posa nikaiweka kando moyoni. Nani ampe binti mtu kama mimi, kwanza hana siri, pili hana macho? Nikamwandikia Rehema kwamba akiona vyema atafute mwingine, sitamlaumu. Akajibu, "Mjomba wako ana kanzu au hana?"

Mjomba Salumu akaenda Ijumaa baada ya sala. Mimi kwa desturi sikutakiwa kuonekana, nikabaki kwenye duka moja njia panda ya Mtawanya nikijifanya nanunua vocha. Simu ikaita.

"Njoo," Mjomba akasema.

"Wamekataa?"

"Mzee hajasema kitu. Bibi ndiye anayekutaka. Njoo, Shabani, usiniulize."

Nilipoingia ukumbini wazee wote wamekaa, Mjomba ameshika kofia yake, Mzee Kassimu anatazama mkeka. Nikasalimia nikiwa nimeinama. Bibi Somoe akanyoosha mikono yote miwili kutoka kwenye kiti.

"Nibebe."

"Bibi?"

"Nibebe unitoe nje. Deni langu la siku ile."

"Mama, jamani," Mzee Kassimu akasema, "huyu ni mgeni."

"Mgeni gani? Si huyu aliyeniacha niungue?"

Nikambeba. Ni mwepesi, ila nilitetemeka kama nimebeba gunia la mpunga, nikavuka mkeka, nikavuka kizingiti, nikafika barazani, ambako kina mama walikuwa wamejipanga (nadhani waliambiwa mapema), na vigelegele walivyovianza siku ile wakavimalizia pale. "Polepole, Zimamoto," Bibi akaniambia sikioni, "mie siyo kasha, usinimwagie maji." Halafu akageuza shingo akapaza sauti kuelekea ndani, "Wewe Kassimu! Mjibu mshenga wa watu, mikono ya mtoto inatetemeka na sijashushwa bado!"

Nikasikia Mzee Kassimu anakohoa.

"Nimekubali," akasema. "Sasa mshushe mama yangu."

Basi ndiyo hivyo. Kasha nalitumia kibandani tu, halisafiri tena, na nimejiapiza kwamba siku nyingine nikiona moshi, popote pale, kabla sijaita jina la mtu yeyote nitanusa kwanza.