Blogu Iliyokarabati Nyumba

Tangu karani atangaze kwamba anaanzisha blogu ya kuwafundisha watu uandishi, nyumba yake haijapata kupendeza hivi. Kila jioni huketi mbele ya kompyuta, akavialisha vidole kimoja kimoja, ko, ko, ko, akapangusa miwani kwa ncha ya shati, akakohoa kama anayetaka kuhutubia mkutano. Kisha hutega sikio. "Hivi huo mlango haulii?" huuliza, na hapo keshainuka kutafuta bisibisi. Bomba lililodondosha maji mwaka mzima limenyamaza, na kabati lililopinda limesimama wima. Mkewe, aliyebembeleza zamani mpaka ulimi ukaota sugu, siku hizi anaijua dawa. Akiona kitu kimeharibika, huuliza kwa upole tu, "Baba watoto, blogu imefika wapi?" Mara utasikia nyundo.

Jana alikwenda kuuliza hivyo hivyo, maana paa la jikoni linavuja na mawingu yameshajikusanya. Lo! Akamkuta kainama, miwani michafu, vidole vinakimbia juu ya vitufe, hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Aya tatu nzima zimekaa kwenye kioo! Mama wa watu akatazama jikoni, akamtazama mumewe, kisha akamwekea mkono begani.

"Hongera, mume wangu. Sasa na kile kitabu ulichosema utakiandika, unakianza lini?"

Vidole vikasimama. Karani akavua miwani, akaipangusa taratibu, akainua macho darini.

"Hivi ile ngazi," akasema, "tuliiweka wapi?"