Siku Trima Ilipoamka Katikati ya Dua

Naona haya hata kuisimulia, na nikipita Voi pale palipokuwa na hoteli ya Swaleh bado navuka barabara nikapite upande wa pili, lakini kwa vile mmening'ang'ania, na hapa tuko watu wa nyumbani, wacha niseme. Mkicheka chekeni, mradi msinirudishe mwanzo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa seremala pale mjini, nimeteremka kutoka Mbololo na randa ya marehemu baba na kiburi changu mwenyewe, na ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa akaniletea trima, yaani ile mashine ndogo ya stima unayoishika mkononi, chini ina kisu kinachozunguka kwa kasi ya kutisha, unaipitisha kwenye ukingo wa mbao, au wa fomaika ile ngumu ya kubandika juu ya meza, na ukingo unatoka laini kama shavu la mtoto. Hakukuwa na seremala mwingine Voi mwenye trima (au kama alikuwako, mimi sikutaka kumjua). Jambo moja tu mlijue: swichi yake ilikuwa ya kusukuma, ukishaisukuma mbele inabaki hukohuko hata ukiachilia mkono, mpaka uirudishe mwenyewe.

Swaleh alinipa kazi ya kutengeneza kaunta ya hoteli yake mpya, na Ijumaa ya kufungua, baada ya swala, wageni wakaanza kuingia, mimi nimevaa koti langu la kanisani, mke wangu Wakesho amependeza, mara Swaleh ananivuta kando.

"Fundi," akaninong'oneza, "ile kona ya mwisho imemkwaruza mamangu mkono. Ilainishe upesi kabla chakula hakijatoka."

Kona yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Ningeisugua kwa tupa ya mkono ikawa imeisha kabla mtu hajamaliza kunawa, na Wakesho aliniambia hivyohivyo: "Baba Mghoi, chukua tupa. Watu ni wengi humu."

Sasa mimi nikaona kuwa watu kuwa wengi ndiyo sababu yenyewe ya kuitoa trima.

"Sogeeni kidogo," nikasema, kwa ile sauti ya mtu anayetaka wasogee karibu. Nikachomeka plagi, nikasukuma swichi, ikalia kama nyuki elfu ndani ya debe, vumbi la fomaika likaruka, mimi sina miwani ya kukinga macho, koti sijavua, mikono ya koti inacheza hapo hapo karibu na kisu, na watu wanasema "Aisee!" nami najifanya sisikii. Halafu, kona haijaisha, stima ikakatika. (Stima ya Voi enzi zile ilikuwa inaondoka bila kuaga.)

"Iache Fundi, tusome dua tule," Swaleh akasema.

Nikailaza trima juu ya kaunta, nikajipangusa vumbi, nikaenda kukaa. Basi. Swichi sikurudisha, plagi sikuchomoa. Mashine ikinyamaza unadhani imezimika.

Akina mama wakatandika kitambaa cheupe juu ya kaunta, na aliyetandika akaisukuma trima pembeni, kitambaa kikaifunika nusu, juu yake yakaja masinia ya pilau na majagi ya sharbati nyekundu. Bi Zuhura, mamake Swaleh, mama wa Kipwani anayeheshimika mji mzima, akavutiwa kiti pale kwenye kona, karibu na soketi, na leso yake ikining'inia begani.

Dua ikaanza, mikono ikainuliwa, mimi Mkristo nikainamisha kichwa kwa heshima, na katika ule ukimya ndipo swali likanijia: swichi nilirudisha?

Nikajaribu kukikumbuka kidole gumba changu. Kidole hakikunijibu. Nikasema moyoni, bila shaka nilirudisha, fundi gani asirudishe? Nikainua jicho moja, nikaona waya bado umeingia ukutani, nikaona upindo wa leso ya Bi Zuhura umelala juu ya kitambaa, pale pale penye kile kivimbe cha mashine, na jasho likaanza kunitiririka ndani ya koti. Ningesimama. Ilikuwa ni kuvuka chumba tu. Lakini nisimame katikati ya dua ya watu, mimi mgeni, nikapapase kitambaa ubavuni mwa mama wa mwenye nyumba, watanionaje? Nikajiambia stima ikienda huwa haina haraka ya kurudi. Wenzangu wakiitikia amina, mimi naomba langu: Mungu wangu, iweke hiyo stima hukohuko iliko.

Taa zikawaka.

Sijui niwaelezeje ile sauti. Kitambaa kilinyanyuka chenyewe, kikajisokota, kikavuta sinia la kwanza, sinia likavuta jagi, pilau ikamwagika juu ya watu, trima inarukaruka kwenye kaunta kama kuku aliyechinjwa, na leso ya Bi Zuhura nikaiona inakwenda, inavutwa kutoka begani kuelekea kwenye kisu, watu wanapiga kelele "Fundi! Fundi!" na Fundi, ndugu zangu, Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

Nilikimbia. Nilikanyaga viatu vya wageni, nikampiga kikumbo Swaleh mwenyewe, nikajikuta ng'ambo ya barabara, na hapo sauti ikakoma ghafla, na ule ukimya ukanitisha kuliko kelele. Wakesho yumo ndani. Mke wangu yumo ndani, na mimi niko barabarani.

Nikarudi, miguu haitaki. Bi Zuhura alikuwa amesimama, plagi mkononi, na mkono wa pili ni mwekundu, unachuruzika.

"Mama! Mkono wako!"

"Hii ni sharbati, mwanangu," akasema polepole. "Mkono ni mzima, leso ndiyo imeliwa. Lakini niambie, kidude hiki ni chako, mwenye kukijua ni wewe. Mbona watukimbia sisi tusiokijua?"

Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru wangecheka. Wakesho alikuwa tayari amepiga magoti anaokota wali, hakunitazama. Nikapiga magoti kando yake, nikaokota na mimi.

Kucheka kulikuja baadaye, sokoni, stesheni, hata watoto wakaniita Fundi Mbio mpaka nikazoea. Na nimeapa: plagi haiingii ukutani mpaka mkono wangu uione swichi imerudi nyuma, koti linavuliwa, na mashine haitoki mkononi mwangu kabla plagi haijatoka ukutani, iwe stima ipo au haipo. Lakini la kukimbia nilishajisamehe, mwoga ni mwoga. Linaloniuma ni kule kukaa kimya kwenye dua huku nashuku, eti naona haya. Siku hizi wasiwasi ukinipata nasimama, hata kama padri yuko madhabahuni, kanisa zima linigeukie linitazame. Wanitazame tu.