Chiriku Anayevuta Pumzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke anayejulikana mtaa mzima kama Mama Chiriku anafunua shuka juu ya tundu. Anapuliza maganda ya mtama kwenye kikopo, anabadilisha maji, kisha anasimama kusikiliza.

Dume mwenye kifua cha manjano anaanza kuimba. Milio miwili, halafu kimya. Mama Chiriku anahesabu kwa vidole. Kidole cha saba kinaposhuka, dume anamalizia milio miwili iliyobaki.

"Babu yake alinyamaza hadi tatu," anasema. "Baba yake, tano. Huyu ananifikisha saba."

Ana miaka kumi na tisa katika ufugaji huu, na chiriku ndio waliomsomeshea binti yake. Anajua kwamba kinda dume hujifunza wimbo kwa mkubwa aliye karibu, katika wiki za mwanzo tu. Ukishakaa, haung'oki.

Alilijua hilo, na bado akakosea. Mumewe, fundi rangi wa magari, alipolala kitandani nyumbani na mapafu yaliyochoka, yeye alimwekea tundu la makinda kando ya kichwa asikae mpweke. Akitaka chai, mzee alimpigia mkewe mluzi wa miaka yote, milio minne. Siku za mwisho alipiga miwili, akatafuta pumzi, akamalizia miwili.

Makinda, akiwamo babu wa dume huyu, walikuwa wakisikiliza.

Kati ya ndege kumi na mmoja aliouza mwaka jana, saba wamerudishwa. Mwalimu mstaafu, rafiki wa marehemu, alimrudisha wake akicheka, lakini hakuketi. Alieleza kwamba ndege akinyamaza katikati, mkewe huacha chakula mezani na kwenda kufungua mlango, akidhani kuna mtu nje aliyeishiwa pumzi.

"Shemeji, nilinunua ndege," alisema. "Sikununua mgonjwa."

Sasa kuna makinda wanne wa siku kumi na sita. Wakiushika wimbo huu, hawatanunuliwa, na hana kazi nyingine. Wasipoushika, mluzi wa mumewe utakwisha na dume huyu. Binti yake, anayeshona nguo chumba cha mbele, anataka wahamishiwe kwa mfugaji mwingine mwenye waimbaji wa kawaida.

"Mama, mwache baba apumzike," alimwambia.

"Anapumzika, mwanangu. Katikati ya wimbo. Humsikii?"

Binti alikanyaga cherehani.

Leo mama amekubali. Ametoboa matundu ya hewa kwenye boksi. Anapomnyanyua kinda wa kwanza, chiriku wa porini anatua kwenye kamba ya nguo nje ya dirisha. Huja kuokota punje zinazomwagika. Hajafugwa na mtu wala hajawahi kuingia ndani.

Anaimba milio miwili. Ananyamaza.

Vidole vinashuka: saba, nane, tisa. Chumba cha mbele, cherehani imesimama. Kumi.

Dume wa tunduni ndiye anayemalizia.

Mama Chiriku anaweka makinda watatu ndani ya boksi. Wa nne anamfunga uzi mwekundu mguuni na kumrudisha kiotani. Majike wa aina hii hawaimbi, na kwa umri huu bado hajui kama huyu ni dume.

"Namtaka mmoja tu," anasema, akilifunika tundu nusu. "Yule wa nje ataendelea kuanza. Lazima humu ndani awepo wa kummalizia."